Nani Atamwogesha Kashindye

Kitendawili. Ukishaitika, sikiliza: nyumbani kwangu yuko anayewavisha watu wote, naye mwenyewe yu uchi mwaka mzima. Usinijibu upesi. Kaa nacho, kitafune taratibu, maana kilimshinda mtu mzima mwenye akili zake, mchana kweupe, pale Igogo, kwenye kibaraza cha Adventina.

Huyu Adventina alikuwa Mhaya wa Bukoba. Masista walimpeleka Hispania akiwa msichana, akawapikia huko miaka mingi, akarudi na magoti mabovu na Kihispania kilichonyooka. Magoti yalimsumbua kila siku. Kihispania hakikumsaidia kitu. Mwanza nzima hakumpata wa kuzungumza naye, kikawa kimekaa tu kichwani mwake kama viatu vya sikukuu vilivyofungwa kwenye gazeti. Alikitumia kumtukana kuku wake, na kuku hakuwa na majibu.

Ndipo ikaja miaka ile ya ruksa, kila mwenye uwezo akafungua lake. Viwanda vya minofu vikaota kando ya ziwa kama uyoga. Sangara akawa anapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, kile kichwa na miiba yake, tukakaanga tukala. Kiwanda kimojawapo kiliuza minofu kwa Wahispania wa mji wa bandari unaoitwa Vigo, na Wahispania hao wakaleta neno: wanataka mwanamke mmoja kutoka chumba cha kukatia, aende kwao miezi kadhaa akajifunze kukagua samaki, akirudi awe msimamizi. Mama mmoja wa kwao, Bi Pilar, angekuja kumchagua mwenyewe. Habari za samaki hakutaka kuuliza hata moja. Angeuliza habari za mtu mwenyewe, kwa Kihispania, kwa sababu ameshapokea wasichana waliojua majina ya samaki wote wa baharini lakini hawakuweza kumwambia kwamba wanaumwa.

Hivyo ndivyo Dorotea alivyofika kwa Adventina. Alikuwa binti wa marehemu Luhende, Msukuma wa Misungwi; mwenyewe alikaa Mkuyuni, na kazi yake ilikuwa kukata minofu kiwandani hapo hapo. Alitoa shikamoo amepiga goti, akaeleza shida yake. Alisema amechoka kukata samaki wa baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Anataka kuwa yule anayesimama mwisho wa meza akasema huyu aende, huyu arudi. Hajawahi kutaka kitu maishani kama anavyotaka hicho. Adventina alimtazama, akaona Kihispania chake hatimaye kimepata wa kukivaa, akamwambia aje kila akitoka zamu.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Adventina alimweleza kwamba kitendo kikitoka kwa mtu kikaenda kwa mwingine, Wahispania wanakisema kitupu: lavo, naosha. Kikitoka kwa mtu kikamrudia mwenyewe, wanakitangulizia kineno kidogo: me lavo, najiosha. Ni kama ji yetu, alisema, ila ji yetu ni moja kwa wote, najiosha, unajiosha, anajiosha, na kwao kila mtu anabeba ya kwake. Mimi ni me, wewe te, yeye se, sisi nos. Dorotea aliikariri akisonga ugali, akaikariri akitembea, na wenzake kiwandani wakaanza kumwita Dorotea Metese.

Ila alikuwa na maswali, na maswali yake yalikuwa na miguu mingi. Me levanto, najiinua, hiyo aliikubali, maana kuna asubuhi mtu anajiinua kweli kama anayeinua gunia. Lakini me duermo? Mtu anajilaza usingizi mwenyewe kama mtoto mgongoni? Na me voy, najiendea, kwani asipojiendea ataendewa na nani? Swali la kwanza Adventina alilijibu kwa upole. La pili kwa upole wa kujilazimisha. La tatu akamwambia kwamba si yeye aliyewatuma Wahispania waseme hivyo, na kwamba hata sisi tukisema nanawa hakuna anayeuliza unamnawa nani, kila watu wamezoea lao, aseme tu waendelee.

Kwenye jina aligoma kabisa. Me llamo, najiita. Dorotea alisema yeye hajiiti, ameitwa. Jina lake la nyumbani alipewa na bibi yake mzaa baba, hili jingine akapewa na padri, na hao wote wakisikia leo amejiita watamshangaa. Ilichukua jioni nzima na birika la chai mpaka akalisema, tena akilisema aliangalia pembeni kama anayesingizia.

Siku nyingine alidondosha kikombe, kimoja kati ya viwili ambavyo Adventina alitoka navyo Hispania. Adventina alifumba macho. Alipoyafumbua, akaona hasara hii walau izae somo, akamfundisha kwa meno yaliyobanana kwamba Mhispania hapo hasemi nimekivunja. Anasema se me rompió, kimejivunja mikononi mwangu.

Dorotea aliwaza sana, vipande viko mkononi.

"Mama," akasema, "kumbe watu hawa hawachapwi utotoni."

Adventina alikwenda ndani akakaa huko kidogo.

Yote hayo yangevumilika. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa asubuhi. Bi Pilar, walisema watu wa kiwanda, hupenda kuuliza: asubuhi unafanya nini? Swali jepesi, lina vineno vyote vile ndani yake: najiinua, najiosha, najivisha, najichana, naondoka zangu. Adventina alimwuliza Dorotea kwa Kihispania, akakaa tayari kufurahi.

Dorotea akajibu vizuri, kwa sauti, bila kigugumizi: namwogesha mama, nawavisha watoto, namchana Rose nywele. Kihispania chake kilikuwa safi kabisa. Na hakikuwa na me hata moja.

"Na wewe?" akauliza Adventina.

"Sisi wazima," akasema Dorotea.

Adventina alimwuliza tena kesho yake. Dorotea aliongeza kwamba anampa Mayala, mdogo wake Rose, uji. Akamwuliza kesho kutwa. Akaongeza kwamba mama analala vizuri siku hizi, na kwamba Misungwi mvua imenyesha. Hakuwa na ukaidi. Kwao, mtu akikuuliza umeamkaje, unamjibu kwa nyumba nzima: mzee yukoje, watoto wakoje, ng'ombe wametoka salama, ndipo yule anashukuru na kukwambia ya kwake. Anayeanza na mimi, mimi, huonekana hana mtu duniani, au ana mtu na hajafunzwa. Adventina aliyajua hayo, kwani hata Bukoba salamu ina safari yake. Lakini kuyajua hakukumpunguzia hasira. Bi Pilar yuko njiani, na huyu anamletea habari za mvua.

Ndiyo siku alipokitoa kile kitendawili. Alirusha kitambaa cha meza chini, akasema, "Basi tuache Kihispania. Nyumbani kwangu yuko anayewavisha watu wote, naye yu uchi. Nani?"

Dorotea alitaja kabati. Akataja fundi cherehani. Akataja mama mzazi, na hapo Adventina karibu amkubalie. Mwisho akakiri ameshindwa.

"Nipe mji," akasema Adventina.

Alipewa Mwanza, akaikataa, alikuwa amekwisha kuichoka. Akapewa Shinyanga, akasema kuna vumbi. "Nipe Vigo."

Unajua mchezo wenyewe, mji ni wa kutaja tu, mtu anapewa hata Roma na hapotezi chochote. Dorotea aliinua uso. Akaangalia ziwa lililokuwa likimetameta nyuma ya mapaa ya mabati. Adventina alisubiri, akaona ajabu, kwamba binti huyu hawezi kuutoa mji ule hata kwa mchezo.

"Ni sindano," akasema mwenyewe, taratibu. "Inawavisha wote. Una nini, mwanangu?"

Ndipo Dorotea akasema alilokuwa analificha siku zote zile.

"Nikienda, nani atamwogesha mama?"

Mama yake, Kashindye, alikuwa amepooza miguu tangu mwaka uliotangulia. Tangu siku ile Dorotea ndiye anayemwogesha, kabla ya watoto, kabla ya kazi, kabla ya kitu chochote. Watoto wenyewe, Rose na Mayala, waliachwa na kaka yake aliyefariki. Chakula na maji si shida, alieleza, maana Rose ameshakuwa mkubwa, na kuna mama mdogo Tereza huko Misungwi ambaye kila mara hutuma salamu kwamba anatamani kuja kukaa mjini aone taa. Lakini Tereza mikono yake mizito. Mama hatakubali kuogeshwa na Tereza.

"Umemwuliza?" akasema Adventina.

Dorotea alimtazama kama aliyetukanwa. Mzazi haulizwi hivyo. Kumwuliza mama nani atakuogesha ni kumwambia umekuwa mzigo, natafuta pa kukutua. Alimshika Adventina mkono, akamwomba amwahidi kwamba hata siku moja, hata kwa utani, hatalifikisha swali hilo masikioni mwa Kashindye. Adventina aliahidi, kwa sababu mkono wa binti ulikuwa wa baridi. Kisha akajilaumu mpaka chakula cha jioni, maana ahadi ya namna hiyo ni kama kumeza mwiba kwa hiari.

Asubuhi iliyofuata alifunga kitenge kichwani, akakanyaga mpaka Mkuyuni, magoti yakilalamika njia nzima. Alijiambia anakwenda kuitafuta ile me kwa macho yake. Haiwezekani mtu azima taa usiku na kuiwasha asubuhi asijifanyie hata jambo moja.

"Mwangaluka," alimsalimu Kashindye kwa Kisukuma alichokuwa nacho, na Kashindye akamjibu mwangaluka, akamwuliza ya Igogo, ya kuku, ya magoti. Alikuwa ameketi kwenye mkeka ameegemea ukuta, ungo wa karanga mapajani, vidole vikimenya upesi hata maganda yalionekana yanajirukia yenyewe. Adventina alionyeshwa kigoda, akakaa, akatazama.

Dorotea alileta beseni. Aliondoa ungo mapajani mwa mama, akavuta pazia, akaanza. Alimnawisha uso, akamsugua shingo, mikono yote miwili, kidole kimoja kimoja, kama anayeosha vyombo vya harusi. Pazia lilikuwa fupi, na Adventina aliuona uso wa Kashindye: amefumba macho, amekaza mdomo, kama mtu aliyejibanza barazani akisubiri mvua ipite. Adventina akadhani ni maumivu, akamwonea huruma.

Kisha watoto. Mayala alivishwa kaptura. Rose alichanwa nywele akikunja uso. Uji ukamiminwa, wa mama, wa Rose, wa Mayala, wa mgeni. Adventina alikaza macho akiingoja zamu ya Dorotea. Dorotea aliitazama saa ya ukutani, akachukua mabuti yake meupe ya kazi, akayabana kwapani, akaaga, akatoka. Hakuonja kitu. Uso aliunawa bombani kiwandani, aliposimama na wenzake, na aproni alifungiwa na mwenzake wa nyuma.

Adventina alibaki na kikombe cha uji mkononi. Alikuwa amekuja na hasira ya kumgombeza mtu, na sasa hakuona wa kumgombeza. Miezi hiyo alikuwa akimlaumu binti kwa kusahau neno, na neno halikusahauliwa. Asubuhi yake haikuwa na mahali pa kuliweka.

"Huyu mtoto wako," akamwambia Kashindye, "ananichosha."

"Hata mimi," akasema Kashindye, akauvuta ungo wake. Karanga zikaendelea.

Bi Pilar alikuja siku ya Jumamosi. Alikuwa mama mnene mfupi, mikono mikubwa ya mtu aliyewahi kukata samaki mwenyewe. Adventina hakuruhusiwa kuingia, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi akijifanya anapunga upepo. Alisikia jina likiulizwa, akasikia me llamo Dorotea, likatoka bila kusita, akaachia pumzi. Akasikia swali la asubuhi. Dorotea akasema namwogesha mama, nawavisha watoto. Adventina akajipiga paja.

Lakini Bi Pilar hakugomba. Aliuliza taratibu: kule kwetu visu ni vikali, wasichana wanajikata wanaficha chini ya glavu mpaka mkono unaoza, wewe ukijikata utafanya nini? Halafu Adventina akasikia glavu ya mpira ikivuliwa.

"Me corté," ilisema sauti ya Dorotea. Nimejikata.

Neno hilo hawakuwahi kulifanyia mazoezi. Adventina alilitaja mara moja tu, siku ya kikombe, alipojikata akiokota vipande vilivyobaki, na kumbe lilisikiwa. Ndani pale Dorotea alikuwa akionyesha kidole chenye kidonda ambacho mwalimu wake, aliyekaa naye meza moja jioni zote zile, hakuwahi kukiona. Adventina alisikia uchungu na fahari kwa pamoja, na uchungu ukawa mkubwa zaidi.

Nafasi ilikuwa ya Dorotea. Bi Pilar alimwambia waziwazi, kisha akamwuliza: unakuja, au unabaki? Kwa Kihispania vyote viwili, kuja na kubaki, vilikuwa na kineno chao mbele, na Dorotea alivijua vyote viwili. Hakuvisema. Alisema mama yangu, akaishia hapo. Bi Pilar akampa mpaka Jumatatu.

Walirudi Mkuyuni kwa miguu. Adventina alitembea mbele, jambo ambalo kwa magoti yale lilitosha kuonyesha hali yake. Walimkuta Kashindye mkekani, Rose anachambua mchicha. Dorotea akampigia mama yake goti, akamweleza kwamba mgeni amekuja, ni mtu mzuri, wamezungumza, watu wote wazima, na mchana umekuwa na jua. Akaenda uani kuinjika maji.

Kashindye alimgeukia Adventina. "Amepata?"

"Amepata."

"Sasa mbona amebeba uso kama katoka msibani?"

Adventina alikumbuka ule mkono wa baridi, na ahadi. Alikumbuka pia kile kidole. Uani maji yalikuwa yakimiminwa kwenye beseni, lile lile la kila siku, maana ilikuwa imefika saa ya kumwogesha mama jioni. Dorotea akaingia nalo, taulo begani, akapiga magoti mkekani, akanyoosha mkono kuuondoa ungo.

Na Adventina, mwanamke mtu mzima aliyekula kiapo, uvumilivu ukamwishia mahali pale pale.

"Mama Dorotea," akasema, "mwanao hataki kwenda, kwa sababu ya swali moja amenikataza nisikuulize. Nikiendelea kulikalia litanipasua. Akienda, nani atakuogesha?"

Dorotea aligeuka kumtazama kwa macho ambayo Adventina hakuyasahau. Rose aliacha mchicha. Beseni lilikuwa katikati yao, maji yakitoa mvuke.

Kashindye alimtazama binti yake, akatazama lile beseni, akautazama mkono wa Dorotea ulioshika ungo wake wa karanga. Akaushika ule mkono, akautoa kwenye ungo, akaurudisha kwa mwenyewe polepole, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani kilichokaa kwake mno. Kisha akaling'oa taulo begani kwa Dorotea, akalitia majini, akalikamua kwa nguvu hata likalia.

"Mwaka mzima nafumba macho nisikuvunje moyo," akasema. "Iliyokufa ni miguu. Maji Rose atachota, ugali Tereza atasonga. Kuoga nitaoga mwenyewe."